Kisasi cha Antony hakianzii vitani

Mdogo wangu, unasema kikundi chenu hapo Moshi kikiigiza Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, watazamaji wanapoa Kaizari akishauawa. Nadhani mnakichelewesha kisasi. Kinaanza pale Antony, rafiki wa Kaizari, anapowapa wauaji mkono, mmoja baada ya mwingine, mikono yao ingali na damu. Akibaki peke yake na maiti ndipo anatamka vita itakayoikumba Italia. Msiikimbize sehemu hiyo. Antony wenu aushike kila mkono, amtazame mwenye nao usoni.

Kwenye hotuba ya mazishi, anapoonyesha matundu ya visu kwenye joho la marehemu, waketisheni waigizaji wachache katikati ya watazamaji waanze kunung'unika kutoka huko. Watu wa soko la Mbuyuni hapo Moshi wanajua kelele ya "mwizi!" inavyopanda.

Na tafadhali, hata muda ukiwabana, msikate kifo cha Cinna mshairi. Anauawa na umati kwa kufanana jina tu na mmoja wa wauaji, anajieleza, hawasikii. Hapo kisasi kimeshamponyoka Antony. Vita vya Filipi, vya mwishoni kati ya Antony na wauaji, vifupisheni, ila Cassius, mmoja wa wauaji hao, afe kwa upanga uleule aliomchomea Kaizari, na watu wauone vizuri.