Jeraha la usoni kwenye ajali: asisaini hati ya bima kabla kovu halijakomaa

Mkuu, narudia ulichouliza ili na wengine wafuate. Mdogo wako wa kike alikuwa abiria wa bodaboda, gari dogo likatokea barabara ya pembeni likawagonga. Amepasuka kutoka kwenye nyusi ya kushoto hadi shavuni, mfupa wa shavu umevunjika na meno mawili ya mbele ya juu yamekatika. Hii ni wiki ya tisa. Bima ya mwenye gari imeleta hati ya malipo ya shilingi milioni mbili na nusu, na nyumbani wanamwambia apokee kabla hawajabadili nia.

Asisaini. Soma maandishi yaliyo chini ya kile kiasi: utakuta maneno kama "malipo kamili na ya mwisho" na kwamba hatadai tena chochote kutokana na ajali hiyo, dhidi ya dereva, mmiliki wala bima. Ni hati halali. Akiweka sahihi leo, halafu mwakani jicho likaanza kuona vitu viwili viwili au jino la tatu likafa, gharama zote ni zake.

Wiki tisa kwa uso ni mapema mno. Kovu huchukua miezi 12 hadi 18 kukomaa. Kwa sasa litakuwa gumu, limeinuka na rangi yake si ya ngozi, na hakuna daktari makini atakayekwambia mwisho wake utakuwaje. Linaweza kulala likawa mstari mwembamba. Linaweza pia kuvimba likawa kiloidi (kovu nene linalozidi mipaka ya jeraha), jambo ambalo ngozi zetu weusi huwa nalo sana, na kiloidi huweza kuanza miezi mingi baada ya jeraha kufunga. Tiba yake ni sindano zinazorudiwa kila baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine na upasuaji juu yake. Gharama hiyo yote haimo ndani ya hiyo milioni mbili na nusu.

Kama shida ni deni la hospitali, kuna njia nyingine. Aandikie bima akiomba malipo ya sehemu kwa ajili ya matibabu yaliyokwisha fanyika, aambatanishe risiti, na barua iseme wazi kwamba anapokea kama malipo ya awali, bila kuathiri haki yake ya kudai yaliyobaki. Wakileta hati yenye neno "mwisho", arudishe. Baadhi ya kampuni hukubali na nyingine hukataa, lakini barua hiyo hubaki kwenye faili kama ushahidi kwamba hakuwahi kuridhia.

Sasa niingie kwenye jambo linalopunguza fidia za uso kuliko jingine lolote, nalo ni karatasi za hospitali. PF3 (fomu ya polisi hapa Tanzania ambayo daktari hujaza majeraha) nyingi zenye majeraha ya uso huandikwa mstari mmoja: "jeraha la mkato usoni, ameshonwa". Anayekokotoa fidia hajamwona mgonjwa. Anasoma mstari huo na kulipa thamani ya mstari huo. Kwa hiyo omba nakala ya PF3 (hutolewa polisi bila malipo, na daktari hujaza sehemu yake), uone kilichoandikwa. Ikiwa ni maneno matatu tu, usiifute wala kuongeza kitu, hiyo ni jinai. Dawa yake ni ripoti kamili ya daktari bingwa, na kwa majeraha haya anayehusika ni bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Muhimbili wapo, na hospitali kubwa za kanda uliza kitengo cha kinywa na meno.

Ripoti iseme nini? Kwanza kovu: urefu kwa sentimita, upana kwa milimita, linaanzia wapi na kuishia wapi, limeinuka au limezama, linavuta kope au mdomo, linaonekana mtu akiwa umbali wa kawaida wa mazungumzo au mpaka asogee karibu. Kovu linalokata nyusi au ukingo wa kope lina uzito tofauti na lililojificha chini ya kidevu, hata kama urefu ni mmoja. Daktari asipoandika, hakuna atakayelijua hilo.

Pili mfupa wa shavu. Hapa watu wengi hupima eksirei ya kawaida, ikaonekana "hakuna tatizo kubwa", kumbe sakafu ya tundu la jicho imepasuka. Skani ya CT ndiyo inayoonyesha vizuri. Kama mfupa ulihitaji kurudishwa, wakati mzuri ni ndani ya wiki mbili hivi za mwanzo, na baada ya hapo huanza kushika ulivyo. Kama hakupata huduma hiyo, ripoti ieleze kwa nini (rufaa ilichelewa, kitanda hakikuwepo, hela haikupatikana), maana bima hupenda kusema mgonjwa mwenyewe alizembea matibabu. Uvimbe ukishaisha ndipo unaona kama shavu limebonyea au jicho limezama ndani kuliko la pili. Apimwe pia na daktari wa macho: uwezo wa kuona kila jicho peke yake, na kama anaona mara mbili akiangalia juu au pembeni.

Tatu mishipa ya fahamu, ambayo husahaulika kabisa. Mwambie afumbe macho umguse shavu la kushoto, ubavu wa pua na mdomo wa juu kwa pamba, halafu kulia. Ganzi upande mmoja baada ya kuvunjika mfupa wa shavu ni kawaida sana, na kuna inayorudi baada ya miezi na isiyorudi. Halafu asimame mbele ya kioo: ainue nyusi, afumbe macho kwa nguvu, atabasamu meno yakionekana, ajaze hewa mashavuni. Upande ukibaki nyuma, huo ni mshipa unaoendesha misuli ya uso. Mtu ambaye tabasamu lake limepinda au jicho lake halifungi vizuri akilala amepoteza kitu kikubwa kuliko kovu, lakini picha ya pasipoti aliyotulia haitaonyesha chochote. Apigwe picha akitabasamu na akifumba macho, na daktari aandike.

Nne, mdomo kufunguka. Mfupa wa shavu ukizama unaweza kubana taya. Mtu mzima kwa kawaida hufungua milimita 40 na zaidi kati ya meno ya juu na ya chini. Kipimo kiandikwe kwa namba, na tarehe.

Tano meno. Daktari wa meno ayataje kwa namba zake (ya mbele katikati juu ni 11 na 21), aseme yamekatika kiasi gani, na atoe profoma (makadirio ya gharama) ya matibabu. Asiishie kwa yaliyokatika. Jino la jirani lililopigwa bila kuvunjika linaweza kufa ndani kimyakimya na kugeuka kijivu miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo arudi kupimwa miezi mitatu, sita na kumi na miwili baada ya ajali. Ana umri gani? Kama ni binti wa miaka ishirini na kitu, daraja la meno halitadumu maisha yake yote, litahitaji kubadilishwa. Profoma itaje na hilo.

Picha piga mwenyewe kwa simu, lakini kwa utaratibu: mbele, kushoto, kulia, na mshazari pande zote mbili. Mchana, karibu na dirisha, bila flashi, bila vipodozi, bila programu za kulainisha uso, umbali uleule kila mara, na rula ndogo pembeni ya kovu. Siku ya kwanza, siku ya kutoa nyuzi, kisha baada ya mwezi 1, 3, 6 na 12. Usikate picha za asili, zina tarehe ndani yake. Tafuta na picha zake za kabla ya ajali, za harusi au mahafali, ambazo uso unaonekana wazi.

Upande wa polisi, chukua namba ya RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi), kisha omba kwa trafiki ramani ya ajali, PF 90 ambayo ndiyo ripoti ya mwisho ya ajali, na PF 93 ya ukaguzi wa magari. Ulizia kesi ya trafiki imefika wapi. Dereva akikiri kosa, mara nyingi hulipa faini na mambo yakaisha siku hiyohiyo bila majeruhi kujua. Pata nakala iliyothibitishwa ya hati ya mashtaka na hukumu. Sheria ya Ushahidi inaifanya hukumu ya jinai ya kumtia mtu hatiani, muda wa rufaa ukishapita, kuwa ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa hilo. Yaani kwenye madai hamtabishana tena kama dereva alikosea.

Hakiki bima mwenyewe kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, kwa namba ya gari, uone kampuni ipi na kama siku ya ajali bima ilikuwa hai. Hata iwe ile tunayoita bima ndogo, kazi yake ndiyo hii: kumlipa mtu wa tatu aliyeumia. Hakiki na ya pikipiki pia. Mmiliki mtafute kwenye kumbukumbu za TRA (mamlaka ya mapato), usitegemee maneno ya dereva, maana magari mengi yameuzwa mkono kwa mkono na kadi bado ina jina la mwenye zamani. Barua ya madai iende kwa dereva, kwa mmiliki na kwa bima, na kila mmoja asaini daftari la kupokelea.

Fedha zigawe mafungu mawili. Fidia mahususi ni ile yenye hesabu: matibabu, dawa, usafiri, kipato kilichopotea. Mahakama zetu hapa hazina huruma, kila shilingi itajwe na ithibitishwe. Risiti ziwe za mashine ya EFD, yaani za kodi. Nauli za bodaboda na bajaji hazina risiti, basi weka daftari: tarehe, safari, kiasi, jina la dereva. Kama anauza biashara ndogo, chukua taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita kabla na sita baada, pamoja na daftari la mauzo, na mfanyabiashara jirani awe tayari kutoa ushahidi. Kama anakutana na wateja uso kwa uso (saluni, mapokezi, duka), liandike hilo waziwazi kwenye madai, na mwajiri au mteja aeleze kilichobadilika.

Fidia ya jumla ni ya maumivu, kubadilika sura, aibu, kukosa usingizi. Kwa ajali za barabarani hatuna jedwali linalosema kovu la sentimita saba ni shilingi kadhaa. Hakimu huamua kwa kuangalia kesi zilizotangulia. Mwambie wakili atafute TanzLII (tovuti ya hukumu za Tanzania) hukumu za majeraha ya uso zinazofanana na aziambatanishe tangu kwenye mazungumzo na bima. Ofa hupanda wanapoona umejiandaa hivyo. Kama amekuwa akijifunika kanga usoni, ameacha kazi au haendi tena kwenye shughuli, aende kliniki ya afya ya akili, apate maandishi. Si kwa ajili ya kesi tu, anahitaji msaada.

Bima watauliza kofia ngumu. Kama hakuvaa, wataomba fidia ipunguzwe kwa uzembe wake. Jibu lipo: kofia nyingi za bodaboda huacha uso wazi, hivyo isingezuia meno kukatika wala shavu kuvunjika. Daktari anaweza kuandika sentensi hiyo kwenye ripoti kama ndivyo anavyoona. Kwa jeraha la kwenye nyusi hoja hiyo ni dhaifu zaidi, na wakili ajiandae.

Muda: madai ya aina hii ni miaka 3 tangu ajali chini ya Sheria ya Ukomo. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. Kungoja miezi 12 hadi 18 kovu likomae kunawezekana kabisa, ila mwezi wa thelathini tangu ajali uwe mwisho wa kujadiliana, faili liende mahakamani, na bima ipewe taarifa ya maandishi kabla kesi haijafunguliwa. Gari likiwa la serikali, lazima notisi ya siku 90 kwanza, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Na kama siku ile alikuwa ametumwa na mwajiri, kuna mlango mwingine wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), na huko taarifa isipite miezi 12. Bima ikikaa kimya au ikikataa bila sababu, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo kwa ajili hiyo kabla ya mahakama.

Jihadhari na vishoka wanaozunguka wodini na vituoni wakiahidi "kufuatilia". Wanachukua karatasi halisi na sahihi ya uwakilishi, kisha wao ndio wanaosaini ile hati ya mwisho. Karatasi halisi zikae na mdogo wako, wengine wote wapewe nakala.

Ukiipata PF3, funika majina na namba, uweke hapa sehemu ya daktari tuone ameandika nini. Na uliza hospitali kama alipigwa skani ya CT au eksirei tu, hilo ndilo la kuanza nalo wiki hii.