Jino likivunjika, usikimbilie kung'oa

Juzi dada mmoja wa Njoro ameniandikia. Mwanawe wa darasa la nne kaanguka shuleni, jino la mbele limekatika nusu, na jirani keshamshauri aling'oe kabla halijaoza. Dada, usithubutu.

Mimi nimezaliwa na kukulia Nakuru, na maji ya kisima tuliyokunywa yalikuwa na floraidi nyingi, madini yanayotoka kwenye miamba, kama sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Meno yangu yaliota na madoa ya kahawia. Shuleni nilipewa majina ambayo hadi leo siyatamki. Tena shida si rangi tu: floraidi ikizidi sana wakati jino linajijenga ndani ya ufizi, ganda lake la nje huwa na vitundu na humeguka upesi. Mimi nilivunjwa jino na kokoto iliyokuwa kwenye githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Nilitema kipande kiganjani, kidogo kama punje ya mchele, kahawia upande wa nje, cheupe pe ndani.

Kliniki ya kwanza hawakunipiga hata picha. Waliandika jino ling'olewe. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma, kwa sababu daktari wa pili aliona kwenye eksirei kwamba mzizi ni mzima. Alitoa neva iliyokuwa imefunuka, akaziba mzizi, akalivika krauni, yaani kofia ya jino. Siku ya harusi yangu nilicheka mbele ya kamera bila kuziba mdomo!

Jino likimeguka kidogo tu, huzibwa siku hiyo hiyo. Likichomoka zima na mzizi wake, lishike kwa kichwa chake, ile sehemu inayoonekana mdomoni, usiguse mzizi wala kuusugua. Lisuuze kidogo kwa maziwa, lirudishe pengoni au litie kwenye maziwa, ufike kwa daktari ndani ya saa moja, ikiwezekana nusu saa. Jino la utoto halirudishwi.

Na wazazi wenzangu wa Nakuru, kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kunaizidisha, maana maji hupungua nayo ikabaki. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kingeni maji ya mvua, au tafuteni chujio la mkaa wa mifupa. Na mtoto asifungue soda kwa meno, jamani!

Dada, mpeleke leo. Kipande kama unacho, kitie kwenye maziwa uende nacho, huenda kikagundishwa. Hata akishatibiwa, endelea kulitazama jino hilo: likianza kuwa la kijivu, mrudishe hata kama haliumi, kwani neva huweza kufa miezi baadaye.