Siku hizi naanza kwa kuchungulia jikoni

Nimeuza mbegu na pembejeo Nyanda za Juu Kusini kwa miaka 17. Kwa kazi hiyo, milo mingi nimeila njiani: Ilula, Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole, Tukuyu, hadi Kyela. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza mara kwa mara wale wapi wakiwa safarini. Jibu ninalowapa leo si lile ambalo ningewapa miaka 15 iliyopita.

Zamani nilichagua hoteli kwa sura. Nikiona vigae sakafuni, televisheni ukutani na menyu ya kurasa nne, naingia, na nikishaingia ni chipsi kuku. Nyumbani tulikulia ugali na maharage, kwa hiyo nikiwa na posho mfukoni niliona kula maharage safarini ni kujidhulumu.

Usiku mmoja Mbeya mjini ndio ulioanza kunigeuza. Nilifika saa 3 usiku, mvua za Novemba zinanyesha, nikaingia hoteli moja yenye taa nyingi. Kuku akaletwa baada ya dakika tano. Nikafurahi kwamba huduma ni ya haraka, wala sikujiuliza kuku mbichi anaivaje kwa dakika tano. Juu alikuwa wa moto, karibu na mfupa wa baridi kabisa. Alikuwa amekaangwa mchana, akarudishwa kwenye mafuta nilipoagiza. Saa 8 usiku tumbo likanikata. Asubuhi nilikuwa na kikao na wakulima Mbozi, nikashindwa hata kusimama. Walinisubiri mpaka saa 6 mchana, wakatawanyika. Watu wale walikuwa wameacha mashamba yao wakati wa kupanda kwa ajili yangu, na hilo liliniuma kuliko tumbo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, nilisimama Makambako. Anayeijua Makambako ya Julai anaujua upepo wake. Pembeni ya stendi palikuwa na banda la mbao, mama mmoja na masufuria mawili.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Wali umekwisha. Ugali upo, ila maharage bado kidogo."

"Nina haraka, mama. Nipe hivyo hivyo."

"Basi kale kwingine, mwanangu. Haya sikupi."

Akachota punje moja kwa upawa, akaipuliza, akaibonyeza kati ya vidole viwili. Ganda likaachia vizuri, lakini katikati ya punje palikuwa na kidoa cheupe, kikavu kama unga. Akanisogezea mkono nione. "Hapa ndipo patakapokusumbua njiani."

Nilikaa dakika 40, miguu karibu na jiko la mkaa. Sijawahi kula maharage kama yale: mchuzi mzito wenyewe, kitunguu, nyanya, chumvi, basi. Nilikuwa nimekutana na hoteli nyingi zilizonikubalia kila nilichotaka. Huyu ndiye wa kwanza kuninyima chakula kwa sababu hakijaiva, na tangu siku ile mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta.

Tena mama yule alikuwa anajua kazi yake. Huku juu maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ukiongeza kuni hayapandi zaidi ya hapo, yanakauka tu. Maharage yaliyoiva upesi Dar es Salaam yatakaa jikoni muda mrefu zaidi Mbeya au Njombe. Mpishi makini huyaloweka usiku na kuyabandika alfajiri. Mwenye pupa hutia magadi, na yakizidi utayajua: maganda yanalegea na kuna ladha ya sabuni ulimini.

Kwa hiyo siku hizi siulizi menyu. Nasalimia, nachungulia jikoni kama panaruhusu, halafu nauliza, "Mama, kipi kimeiva sasa hivi?" Mahali penye sufuria mbili tatu zinazofuka mvuke pananitosha. Menyu ndefu hunitia wasiwasi, maana vitu 30 haviwezi vyote kuwa vimepikwa leo. Najitahidi pia kufika saa 6 na nusu mchana, kabla mabasi hayajashusha watu, kwa sababu hapo sufuria bado imejaa na mpishi hajachoka.

Jambo la pili ni kula cha mahali ulipo. Tukuyu naagiza mbalaga, ndizi za Kinyakyusa, hasa zikiwa zimepikwa na nyama, na parachichi pembeni kama ni msimu wake. Miaka mingi nilipita Tukuyu nikitafuta chipsi, na migomba imenizunguka kila upande! Kyela ni wali wao na samaki wa Ziwa Nyasa. Mchele wa Kyela unanukia tangu ukiwa jikoni, usiuzamishe kwenye mchuzi. Asubuhi ya baridi Njombe au Mafinga, supu na viazi vya kuchemsha vitakupeleka mpaka mchana, na chai ya maziwa baada ya hapo.

Iringa mjini nilijifunza jambo ambalo halihusu upishi. Kuna mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanza mwaka 2003 kuwapa kazi watu wenye ulemavu, na miongoni mwa wahudumu wake wapo viziwi. Mimi nilikuwa na mazoea ya kuita "Dada!" huku macho yapo kwenye simu. Pale nikaita, pakawa kimya. Nilipoinua macho, binti alikuwa amesimama mbele yangu ananitazama, anasubiri nimtazame. Nikaandika ninachotaka, akasoma, akaitikia kwa kichwa, akatabasamu. Niliona aibu ya kweli. Nilikuwa nimehudumiwa na mamia ya watu barabarani nisizikumbuke sura zao hata kidogo.

Tangu hapo nasalimia kwanza na kumtazama mtu, na nimeona faida yake hata kwenye sahani. Ukimsalimia mhudumu vizuri, atakwambia ukweli: "Kaka, nyama ya leo ngumu, chukua maharage." Maneno hayo huyapati ukiwa unapiga makofi kuita.

Wanaosafiri kwa basi huniambia hawana muda wa kuchungulia jikoni, konda ametoa dakika kumi na honi inalia. Ni kweli. Kwa dakika kumi, achana na chochote kinachorudishwa kwenye mafuta. Chukua ndizi mbivu, au mahindi ya kuchemsha yanayotolewa sufuriani ukiona mwenyewe, na chai ya moto ukiiwahi. Mlo wenyewe utaula ukifika.