Gego limebaki ganda tu, niling'oe au nilitibu?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni mama lishe hapa Majengo Dodoma, nina miaka 38. Nina gego la chini kulia, sio lile la mwisho, lilizibwa 2019. Mwezi uliopita naonja maharage nikang'ata kijiwe, kaa! upande wote wa ulimini ukakatika. Likauma wiki nzima nalala nimeegemea ukuta, panado haisaidii. Sasa cha ajabu limeacha kuuma kabisa ila kuna kijipele kwenye fizi kinakuja na kupotea. Nimeenda sehemu moja wakasema ling'olewe leoleo, kwingine wakasema linatibika ila niende mara tatu na hela waliyotaja ni mtaji wangu wa mwezi. Mama mkwe anasema ng'oa yaishe, kaka yangu wa Dar anasema panda SGR uje huku. Nishike la nani?

JIBU: Marahaba dada, na pole. Nianze na hiyo nafuu yako maana ndo inadanganya wengi. Jino likikutesa wiki nzima alafu likanyamaza ghafla sio kwamba limepona, mara nyingi kile kimshipa cha ndani kimekufa, na maiti haisikii maumivu. Hicho kijipele ni mlango wa usaha, umejikusanya kwenye ncha ya mzizi ukajitafutia njia ya kutokea, kikipasuka unahisi kama chumvichumvi mdomoni, kinapotea, wiki ijayo kipo tena. Ndo maana hata ukimeza antibayotiki dozi ngapi kitarudi tu, dawa inasafiri na damu na ndani ya jino lililokufa damu haifiki.

Sasa kung'oa au kutibu. Watu wanadhani kinachoamua ni maumivu, wapi. Kuna jino linakuliza usiku kucha na linatibika vizuri tu, na lingine halijawahi kukuuma hata siku moja ila ni la kung'oa. Kinachoamua ni kilichobaki juu ya fizi na hali ya mizizi. Mi mgonjwa akikaa kwenye kiti natoa kwanza uozo wote na ile ziba ya zamani, alafu naangalia ukuta uliobaki, nikipata ukuta mzima kama milimita 2 juu ya fizi kuzunguka, basi kofia, yaani kile kifuniko kigumu tunachovisha juu ya jino, ina pa kushika. Ila kama limekatikia chini ya fizi, au ufa umeshuka mpaka kwenye mizizi, au linacheza kwa sababu mfupa umeliwa, hapo hata unipe hela ya kiwanja Iyumbu silitibu, ntakuwa nakuibia.

Pitisha ulimi hapo palipokatika. Ukigusa ukingo mgumu umesimama juu ya fizi kuna matumaini, ukigusa nyama tu matumaini ni madogo. Na hiyo haitoshi, lazima eksrei. Kama hao wa kwanza na hao wa pili wote hawakukupiga picha basi walikupigia ramli. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, na huo usaha kwenye picha utaonekana kama kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Kivuli peke yake kisikutishe, mizizi ikisafishwa na kuzibwa vizuri mfupa unajijaza wenyewe taratibu, ni mambo ya miezi.

Hela sasa. Usianze tiba ya mzizi kama hujui hela ya kofia itatoka wapi. Hizo mara tatu mara nyingi ni za kusafisha na kuziba mizizi tu, na gego lililoliwa hivyo ukiliacha bila kofia ukarudi kwenye makande litakuja kupasuka. Nilishamtibu mzee mmoja wa Kibaigwa, mizizi ikatoka safi kabisa, nikamwambia rudi nikuvishe kofia, mahindi yakashuka bei akapotea. Miezi nane baadae huyo kaingia, kipande cha jino kakikunja kwenye leso, kingine kinaning'inia mdomoni. Tuling'oa, kalipa mara mbili kwa jino lilelile. Kwaio ulizia bei ya jumla, picha, mizizi, kulijenga na kofia, na kama una bima uliza kabla inaishia wapi.

Jumla ikishindikana, kung'oa sio ushamba. Ila pengo nalo lina gharama zake, meno ya jirani yanaanza kuliegemea, la juu lililokosa mwenzake linashuka polepole, chakula kinakwama. Gego la mwisho nisingehangaika nalo, hilo lako unalotafunia ningelipigania kama ukuta upo.

Kaka muachie Dar yake, hiyo nauli iweke kwenye jino. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina kitengo cha meno na Benjamin Mkapa pia, anzia hapo. Ukiishia kung'oa, ng'ata pamba nusu saa, siku hiyo usisukutue wala kutematema, lile donge la damu kwenye shimo ndo bandeji yako, maji ya vuguvugu na chumvi ni kesho yake. Kama una sukari au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda sema kabla ya sindano ya ganzi. Na ukivimba mpaka chini ya kidevu, mdomo haufunguki au mate hayamezeki, usiku huohuo hospitali.

SWALI: Dokta, eti ukingoa jino la juu unapofuka? La kwangu limevimbisha shavu tangu Jumatatu naogopa. Kijana wa Bahi.

JIBU: Mdogo wangu, mshipa wa kuonea na wa jino kila mmoja na njia yake, kung'oa hakupofushi. Nnaowaona jicho limefunga ni wale waliokaa na jipu la jino la juu mpaka uvimbe ukapanda. Shavu limevimba tangu Jumatatu alafu unaandika barua? Nenda leo.