Kabla hujatupa Valium za mdogo wako

Dada yangu, umeuliza kama uvifiche au uvitupe vidonge vya Valium ambavyo mdogo wako, utingo wa malori ya Tunduma, amekuwa akivimeza kila usiku kwa miezi kadhaa, mara nyingi juu ya pombe, ili apate usingizi. Mimi ni muuguzi hapa Mbeya na nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha dharura. Nakuomba usivitupe. Kuichanganya dawa hii na pombe ni hatari, jambo ambalo wengi wanalijua. Lakini kuiacha ghafla baada ya mazoea ya muda mrefu nako ni hatari, na hilo ndilo familia nyingi hazilijui.

Valium ni jina la biashara la diazepamu, dawa ambayo kampuni ya Roche iliiingiza sokoni mwaka 1963. Hospitalini tunaitumia kukata degedege, kulegeza misuli ya mgonjwa wa pepopunda na kumtuliza mtu kabla ya upasuaji. Inaongeza nguvu ya kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kupunguza kasi ya mawasiliano ya mishipa ya fahamu. Ndiyo maana anayeimeza hutulia, lakini pia ulimi huwa mzito, miguu huyumba, na kumbukumbu ya mambo yanayotokea baada ya kumeza huweza kufutika kabisa. Nimewahi kumpokea kijana aliyeshika karatasi tupu ya vidonge, akiapa mbele ya mama yake kwamba amemeza kimoja tu. Hakuwa anadanganya, alikuwa amesahau, akarudia, akasahau tena.

Jambo lingine ni kwamba haitoki mwilini upesi. Nusu yake tu huchukua siku moja hadi mbili kuondoka, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine ya kutuliza inayodumu zaidi. Kwa hiyo utingo aliyemeza saa nne usiku, kisha akapewa usukani alfajiri kushusha mteremko wa Iwambi, bado anaendesha akiwa na dawa, hata kama anajiona mzima.

Kuhusu pombe, iwe ya chupa, komoni au ulanzi, nayo hutuliza ubongo kwa njia inayokaribiana sana na hiyo, na vikikutana, sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua hulemewa. Hatari hiyohiyo ipo dawa hii ikichanganywa na heroini, tramado (dawa ya maumivu) au methadoni (dawa wanayopewa wanaoacha heroini). Vijana hudanganyika kwa kuwa mtu mzima mwenye afya akimeza diazepamu peke yake mara nyingi huamka. Ukimkuta anakoroma kwa sauti nzito isiyo ya kawaida na haamki hata akitikiswa, usiseme amepata usingizi mzuri. Mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimpalie, mfunike, maana baridi yetu ya Juni na Julai humpata mtu wa namna hiyo haraka, kisha mkimbizeni hospitali. Usimnyweshe maziwa wala kumwagia maji.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Ubongo uliotulizwa kila siku kwa wiki nyingi huzoea, na dawa ikiondolewa ghafla hubaki bila breki. Nakumbuka dereva aliyeletwa na mke wake mwezi Julai, shati limelowa jasho wakati sisi tumevaa masweta, mikono ikitetemeka hadi kikombe cha chai alishikiwa. Ndugu walikuwa wamemnyang'anya vidonge siku kadhaa kabla, kwa nia njema kabisa. Usiku ule alipata degedege wodini, na nje tayari watu walikuwa wanazungumza habari za kurogwa. Kwa sababu diazepamu hutoka polepole, dalili hizi huweza kuchelewa hata wiki nzima, hivyo watu hawaziunganishi na dawa iliyoachwa.

Mpeleke wiki hii katika kliniki ya afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Daktari atampunguzia kidogo kidogo, kwa wiki au hata miezi. Beba vidonge vyenyewe, kwa kuwa vile vinavyouzwa kimoja kimoja bila pakiti huenda si diazepamu, na mweleze daktari bila kuficha anameza vingapi, tangu lini, na anakunywa pombe kiasi gani. Kama anakunywa kila siku, pombe nayo isikatwe ghafla bila usimamizi, kwa kuwa huleta degedege ileile. Hadi siku hiyo asiongeze kidonge, asimeze akiwa amelewa, na mwombe tajiri wake asimpe usukani.