Naitreti ikiwa juu, usikimbilie kuongeza hewa

Ndugu, kwa kuwa umeeleza kwamba amonia katika mtambo wenu wa majitaka hapa Dodoma imeshuka ilhali naitreti (naitrojeni iliyoungana na oksijeni) bado iko juu, sikushauri uongeze hewa. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti wamekwisha kufanya kazi yao. Wanaokwama ni wale wanaoigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ambao huitumia pale oksijeni inapokosekana na kaboni inapokuwapo. Pima oksijeni mwishoni mwa tangi la hewa: miligramu 2 kwa lita kwa kawaida zinatosha, na ziada yake (mbali na kuongeza bili ya umeme) hurudi na maji ya mzunguko, yaani yanayorudishwa kutoka tangi la hewa, hadi tangi lisilo na hewa, ambamo bakteria hao wa pili hufanya kazi, na kuwazuia. Majitaka mabichi, yenye kaboni hiyo, yaingie kwanza humo.