Hedi ya Tatu Nilikataa Kuinunua Upesi

Lori langu, linalotembea kwa gesi badala ya petroli, lilipasua hedi mbili (kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu) ndani ya miezi saba. Ya kwanza nikasema mkosi. Ya pili ilipofunguliwa, ufa ulikuwa pale pale: silinda ya nne, kati ya siti ya valvu ya kuingiza na ile ya kutoa moshi. Fundi akanambia hedi za siku hizi hazina chuma. Huenda. Lakini ubovu wa chuma haurudi mahali pamoja mara mbili.

Sasa sikiliza upuuzi wangu. Nabeba chumvi kutoka Gongoni kuja Malindi, na wakati wa Kaskazi, jua la saa saba, utingo wangu alikuwa akiegemeza chupa yake ya maji kwenye regyuleta, kifaa kinachogeuza gesi kuwa mvuke kabla ya kuingia injini, ipate baridi. Regyuleta ilikuwa imevaa barafu nyeupe! Tukicheka. Kumbe ndiyo dalili ya ugonjwa. Gesi hutoka mtungini ikiwa majimaji, na propani iliyomo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Ili iwe mvuke hunyonya joto, ndiyo maana regyuleta huzungushiwa maji moto ya injini. Ikiganda, maji hayafiki.

Na hayakuwa yakifika. Aliyenifungia gesi aliiweka regyuleta juu kuliko rejeta, hewa ikajikusanya humo ikazuia maji kuzunguka na kupoza hedi. Geji ya joto nayo imetulia katikati, maana sensa ikikaa kwenye hewa haisemi kweli. Tena maji niliyokuwa nikiongeza ni ya kisima, na visima vyetu mwavijua, maji ya chumvichumvi. Thamostati, ile valvu inayofungulia maji yaende rejeta, ilitoka na ukoko kama birika la mgahawani.

Angalieni na plagi. Zangu zilikuwa nyeupe kama chokaa: gesi chache, hewa nyingi, moto mkali. Nilikuwa nimekaza skrubu ya gesi mwenyewe nibane matumizi. Petroli ikinyunyizwa hupoza kidogo, lakini gesi huingia ikiwa mvuke tayari.

Tukaishusha regyuleta, tukasafisha njia za maji, tukatia kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), tukaitoa hewa pua ya lori ikiwa imeinuliwa. Ndipo nikanunua hedi. Usiku ule rejeta ikalala na presha ya pampu. Asubuhi nikatoa plagi nne, zote kavu: maji hayakuvuja ndani ya silinda.

Mwaka sasa. Utingo analalamika maji yake ni ya moto.